Nyumba ina hati, masharti yake nani kayasoma?

"Hati ipo, mura, tena safi." Mazungumzo ya kuuziana nyumba mjini Tarime huanza namna hiyo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Dalali hutoa bahasha ya kaki, mnunuzi huona muhuri, namba ya kiwanja na jina la muuzaji, kisha yanafuata maongezi ya bei. Karatasi za ndani, zile zenye maandishi madogo yanayoeleza mwenye kiwanja anaruhusiwa kufanya nini na hakatazwi nini, hubaki zimekunjwa.

Karatasi hizo ndizo zinazobeba bei ya nyumba. Mfanyabiashara wa Sirari aliyevuna faida katika mahindi, mkulima wa kahawa wa milimani, mwenye ng'ombe wa Serengeti au mchimbaji wa Nyamongo anayetaka kutoa fedha yake kwenye biashara ya kupanda na kushuka na kuiweka kwenye kitu kisichohama, wote huiona nyumba kuwa kitegauchumi kisicho na hatari. Lakini katika Tanzania hakuna anayenunua ardhi yenyewe. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Masharti yakivunjwa, haki inaweza kwenda nayo.

Utaratibu huu si mgeni. Sheria ya Ardhi ya wakoloni ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote mikononi mwa Gavana, na baada ya Uhuru milki zile chache za kudumu zilibadilishwa mwaka 1963, kisha mwaka 1969 zikaingizwa katika mfumo mmoja wa haki ya kumiliki. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilikubali kwamba ardhi ina thamani sokoni, ila zikabakiza masharti. Katika nchi kama Marekani masharti ya namna hii mara nyingi huandikwa na kampuni iliyopima mtaa na kuuza viwanja, na jirani ndiye anayeweza kukupeleka mahakamani kwa kuyavunja. Hapa mwenye masharti ni Serikali. Jirani akinyamaza miaka 20, sharti bado lipo.

HESABU YA FREMU NNE

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kupigia hesabu tu, si bei za soko. Nyumba imetangazwa kwa Sh. 40,000,000 pembeni mwa barabara inayopitiwa na watu wengi. Nyumba yenyewe inapangishwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Mbele yake muuzaji amejenga fremu nne za maduka, kila moja inaingiza Sh. 70,000. Kwa mwaka nyumba inatoa Sh. 1,800,000 na fremu Sh. 3,360,000, jumla Sh. 5,160,000. Hayo ni mapato ya asilimia 12.9 ya bei, kabla ya matengenezo na kodi. Mfanyabiashara akilinganisha na mzigo uliolala ghalani anaona amepata.

Sasa afungue hati. Inasema kiwanja ni cha makazi tu, nyumba moja ya kuishi. Hati nyingi za zamani huandika sharti hilo kwa kutaja "Kundi A" la kanuni za matumizi za mwaka 1960. Zilizofuata kanuni mpya za mwaka 2018 zina majina na mafungu mengine. Hati ikisema hivyo, na hakuna karatasi ya kubadilisha matumizi, zile fremu nne hazina msingi wa kisheria. Halmashauri ikiamuru zifungwe, kinachobaki ni Sh. 1,800,000 kwa mwaka, yaani asilimia 4.5. Kwa mnunuzi aliyekuwa anataka mapato ya asilimia 12.9, nyumba yenye kipato hicho ilistahili bei ya karibu Sh. 14,000,000. Shilingi milioni 26 zilizobaki alilipia tofali zinazoweza kuondolewa kwa barua.

Inawezekana kubadilisha matumizi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 zimeweka njia: maombi hupelekwa halmashauri, hutangazwa ili wenye pingamizi wajitokeze, hupita kwa wataalamu wa mipangomiji na vikao, kisha hati hurekebishwa. Lakini kuna ada, kuna muda, na pango la ardhi la kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko la makazi. Hivyo mnunuzi mwerevu hasemi "nitabadilisha baadaye". Anamtaka muuzaji abadilishe kwanza, au anakata gharama hiyo kwenye bei. Na kama eneo lenyewe kwenye mchoro wa mipangomiji limetengwa kuwa la makazi matupu, maombi yanaweza kukataliwa kabisa.

MASHARTI MENGINE YALIYOMO NDANI

Sharti la matumizi ndilo linalojulikana zaidi, lakini haliko peke yake. Hati ya kawaida ya kiwanja cha mjini humtaka mwenye milki apeleke ramani za ujenzi katika muda uliowekwa, mara nyingi miezi sita, aanze kujenga baada ya ramani kupitishwa, na amalize ndani ya miezi 36. Inamtaka atunze jengo na mawe ya mipaka. Inamkataza kugawa kiwanja au kukihamisha bila kibali. Inamtaka alipe pango kila mwaka.

Hapa ndipo wengi wanaonunua boma lisiloezekwa wanapojikuta wamenunua na kosa la mwenzao. Kiwanja kilichotolewa miaka 10 iliyopita na kikabaki na kuta tatu na nyasi kimeshavunja sharti la kujenga. Mnunuzi anachukua kiwanja kikiwa na hali hiyo. Sheria inamruhusu Kamishna wa Ardhi kutoa onyo, kutoza faini, kumtaka mwenye milki arekebishe kasoro, na mwisho kutoa ilani ya siku 90 ya kufutwa kwa milki, ambayo hufutwa na Rais. Ardhi iliyotelekezwa kwa miaka miwili au zaidi ni miongoni mwa sababu zilizotajwa waziwazi.

Kugawa kiwanja nako ni mtego. Mzee ana kiwanja kikubwa, anamkatia mnunuzi nusu pamoja na nyumba ya nyuma, wanaandikishana kwa wakili na hati inabaki kwa mzee. Kwenye daftari la Msajili wa Hati hakuna nusu. Kuna kiwanja kimoja na jina moja. Bila upimaji mpya, ramani mpya na kibali, yule wa nyuma ni mgeni mwenye risiti.

Kisha kuna muda. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Miaka 33 ilionekana mingi wakati wa kuandikiwa. Lakini hati ya miaka 33 iliyoanza tarehe 1 Julai 1993 inafika mwisho tarehe 30 Juni 2026. Mwenye nyumba anaweza kuomba kuongezewa muda, na aliyetimiza masharti yupo mahali pazuri pa kuomba. Hata hivyo benki inayotaka nyumba iwe rehani huangalia kwanza miaka iliyobaki kuliko rangi ya bati. Anayenunua ili akopee hati afanye hesabu hiyo kabla ya kuuliza riba.

Pango la ardhi pia huchanganywa na kodi nyingine. Muuzaji atasema halipi deni lolote kwa kuwa "inakatwa kwenye LUKU". Inayokatwa kwenye umeme tangu mwaka 2021 ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni deni jingine, lina namba yake ya malipo, na hupanda kwa adhabu lisipolipwa. Risiti zake ziombwe mwaka kwa mwaka. Kiwanja chenye deni la pango hakihamishwi jina mpaka deni liishe, na kwa vile anayetaka jina libadilike ni mnunuzi, yeye ndiye anayejikuta akilipa.

SI KILA KARATASI NI HATI

Wilaya hizi mbili zina aina za karatasi zinazoitwa hati huku zina nguvu tofauti. Mjini Tarime na Mugumu kuna hati miliki iliyosajiliwa. Kuna barua ya toleo, maarufu kama ofa, ambayo ni hatua ya kuelekea kwenye hati na ina masharti yake yenye muda. Sheria inatambua pia leseni ya makazi ya muda mfupi kwa maeneo ya mijini yaliyojengwa bila kupimwa. Na kuna karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mtendaji, ambayo inathibitisha kwamba watu wawili waliuziana, haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa hudai ili wapige muhuri haimo katika Sheria ya Ardhi, na kuilipa hakuongezi nguvu ya karatasi.

Ukitoka nje ya mipaka ya mji unaingia ardhi ya kijiji, na sheria inabadilika. Huko mmiliki anakuwa na hakimiliki ya kimila, iwe ameandikishwa na kupewa hati ya kimila au anaishi tu kwenye ardhi ya baba yake. Mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ni kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti na mtendaji wakiwa wawili chini ya mwembe bado hawajawa halmashauri. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu, hata kama fedha zililipwa mbele ya watu. Kwa hiyo mnunuzi aombe nakala ya muhtasari wenye tarehe, mahudhurio na uamuzi, na aone kama umeingizwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji ikiwa kijiji kinayo.

Mipaka ya mji nayo husogea. Shamba lililokuwa la kijiji linaweza kuwa sasa ndani ya eneo la Halmashauri ya Mji Tarime, likapangwa barabara, shule au soko kwenye mchoro kabla mwenyewe hajajua. Wilaya hii imegawanywa zaidi ya mara moja. Rorya ilikatwa kutoka Tarime mwaka 2007, na makao ya halmashauri ya wilaya yako Nyamwaga wakati ya mji yako mjini. Mnunuzi anaweza kupoteza wiki nzima akitafuta jalada kwenye ofisi isiyokuwa nalo. Swali la kwanza liwe: kiwanja hiki kiko chini ya halmashauri gani leo?

BARABARA, MTO, MGODI NA HIFADHI

Yapo masharti ambayo hayaandikwi kwenye hati kabisa, na hayo ndiyo yanayoumiza zaidi katika ukanda huu.

Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inapita Tarime, na nyumba zilizo karibu nayo ndizo zinazogombewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za zamani anahesabiwa mvamizi, hana fidia. Aliyekuwa kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria kubadilika anastahili fidia eneo linapotwaliwa. Ndiyo maana alama ya X ukutani huwa na rangi mbili: nyekundu kwa wa kwanza, kijani kwa wa pili. Mnunuzi asione haya kutembea na futi kamba. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo nayo imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, na lami ikifika bei hupanda na vipimo hufuatwa kwa wakati mmoja. Waliosahau waikumbuke Kimara hadi Kiluvya, Dar es Salaam, mwaka 2017, ambako hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilikuwa zaidi ya mita 100 kila upande na nyumba nyingi, baadhi za kifahari, zikawa vifusi.

Mto Mara na vijito vyake vina sheria yao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Nyumba ya wageni yenye mandhari ya maji inavutia watalii wanaokwenda Serengeti, ila mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira kwa urefu.

Nyamongo ni habari ya pekee. Mgodi wa North Mara ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na ambao tangu mwaka 2020 Serikali ina hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga, umezungukwa na vijiji vyenye watu wengi. Kila mgodi unapohitaji eneo, hufanyika uthamini. Kutokana na hilo kumezaliwa neno ambalo kila mtu wa huko analijua: tegesha. Ni nyumba inayoinuliwa haraka haraka, au mazao yanayopandwa kwa msongamano, kwa kutegea fidia. Kwa macho ya mgeni kutoka Musoma au Mwanza, nyumba ya tegesha inaweza kuonekana nyumba mpya ya bei nafuu.

Anayenunua hapo anatakiwa kuuliza maswali mawili. Je, eneo limekwisha kuthaminiwa? Kama ndiyo, jina lililo kwenye fomu ya uthamini ndilo linalosubiri malipo, na kinachoongezwa baada ya tarehe ya uthamini hakihesabiwi. Je, eneo liko ndani ya leseni ya uchimbaji? Haki ya madini chini ya ardhi si ya mwenye nyumba, iwe ana hati au hana. Mtu aliyemnunulia muuzaji ambaye jina lake limebaki kwenye orodha ya fidia amempa mwenzake fedha mara mbili: yake, na ya mgodi.

Upande wa Serengeti kuna hifadhi. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, na ndani yake hakuna makazi. Vijiji vya Robanda, Makundusi, Nata Mbiso, Nyichoka na Park Nyigoti viko katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambako sehemu ya ardhi ya kijiji imetengwa kwa wanyama na utalii wa picha na uwindaji, na sehemu nyingine kwa kilimo, malisho na makazi. Mwekezaji mdogo anayeota kambi ya mahema au vyumba vya kupangisha karibu na Fort Ikoma lazima aone mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji husika, na aonyeshwe kwa kidole kwenye ramani mahali anaponunua. Maneno ya kwamba "hapa tumeishi tangu babu" yanaweza kuwa ya kweli na bado yasimsaidie mnunuzi.

MPAKA NA UKOO

Sirari na Isebania ni soko moja lenye mstari katikati. Wakurya wako pande zote mbili, na shemeji wa upande wa pili ni ndugu kama wengine. Lakini Sheria ya Ardhi inasema asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya sheria ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia inahesabiwa vilevile. Mkenya anayenunua nyumba Sirari na kuiandikisha kwa jina la shemeji yake hana haki anayoweza kuidai hadharani, na kuhamisha ardhi kwa asiye raia kinyume cha sheria ni sababu ya kufuta milki yenyewe. Kwa Mtanzania anayenunua kwa muuzaji wa mpakani, uraia wa muuzaji na historia ya kiwanja viulizwe bila aibu.

Ndani ya familia kuna jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika miji ambayo mzee mmoja huwa na wake wawili au watatu, sahihi ya "mama" haitoshi. Inatakiwa sahihi ya mama wa nyumba ile inayouzwa, na ni salama zaidi wakiwemo wote. Desturi ya Wakurya ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke huoa mwanamke ili nyumba ipate watoto, inaongeza uzito. Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, hivyo mwanamke aliyeolewa hivyo hataonekana kwenye cheti chochote. Anaonekana nyumbani, akiwa na watoto na mashamba. Mnunuzi anayempita kwa sababu hayumo kwenye karatasi anajitafutia kesi. Akalishwe kikaoni, aseme, asaini.

Muuzaji akisema nyumba ni ya marehemu baba, aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu ya kuzaliwa mwanzo. Na katika maeneo ya Tarime ambako koo ziliwahi kugombania mipaka, ni vema kujua kiwanja kiko upande gani na majirani wanasemaje, kwani hati haizuii ng'ombe wala mishale.

WAPI PA KUANZIA

Kazi ya ukaguzi haihitaji fedha nyingi, inahitaji nauli na subira. Mnunuzi achukue nakala ya hati, aombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na ya Mara iko Musoma, hivyo ile safari ya Mwanza ya miaka ya nyuma imepungua. Majibu ya upekuzi hutaja mmiliki aliyesajiliwa, rehani, na mazuio yaliyowekwa na watu wengine. Nyumba iliyowekwa rehani benki inaweza kuuzwa, lakini kwa benki kujua na mkopo kulipwa kwanza. Kama muuzaji ana ofa tu, jalada litafutwe kwenye idara ya ardhi ya halmashauri.

Baada ya hapo aende kwa afisa mipangomiji na nakala hiyo hiyo, aulize kiwanja kimepangwa kwa matumizi gani na kama kuna kibali cha ujenzi cha kila jengo lililosimama, si la kwanza tu. Kisha mpimaji aende kiwanjani atafute mawe ya mipaka yalinganishwe na ramani ya upimaji. Ni kawaida kukuta jikoni la nje au choo kimeingia kwa jirani futi tano. Bora kikutwe kabla.

Mkataba uandikwe na wakili, na ndani yake muuzaji atamke kwamba masharti ya hati yametimizwa, au ataje yapi hayajatimizwa na nani atagharimia. Utokee mgongano, baraza la kata tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Tarime ina lake.

Uhamisho wenyewe hupitia fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: taarifa ya uhamisho, ombi la kibali na hati ya kuhamisha. Katika uamuzi wa mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema mkataba usio na kibali kinachotakiwa haufi, ila haufanyi kazi mpaka kibali kipatikane. Kwa mfanyabiashara tafsiri yake ni rahisi: fedha imetoka, nyumba haijaja.

Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kuna kodi ya asilimia 10 ya faida ya mauzo kwa muuzaji mkazi, inayolipwa TRA kabla jina halijabadilishwa. Kodi hii ni ya muuzaji, lakini asipoilipa anayekwama ni mnunuzi. Kutaja bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue ni mchezo wa hatari: mnunuzi akija kuuza, faida yake itahesabiwa kutoka ile bei ndogo, na mauzo yakivunjika mahakamani bei iliyoandikwa ndiyo atakayorudishiwa.

Kwa sababu hiyo malipo yagawanywe. Sehemu ndogo itolewe siku ya kusaini, sehemu kubwa ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka kibali kitoke na kodi zilipwe, na kiasi cha mwisho kitolewe siku hati inaporudi kutoka Musoma ikiwa na jina jipya. Muuzaji mwenye masharti yaliyotimia hatakataa utaratibu huo. Anayeng'ang'ania kulipwa zote leo jioni, kabla ya ofisi kufunguliwa kesho, aulizwe kwanza kesho kuna nini ofisini.